Diski za RAID: Kabla ya Bei, Uliza Inang'ang'ania Sekunde Ngapi

Lalamiko ni lile lile, litoke studio ya harusi Mlandege au nyumba ya wageni Paje: "Nimenunua diski nne mpya, nimeziunga RAID 5 kwa Linux, haikupita miezi mitatu moja imetolewa. Nimeipima, nzima. Nimeirudisha, imetolewa tena." RAID 5 ni kuunga diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ili moja ikifa data ibaki. Muuzaji anasema Linux ndiyo mbovu. Fundi anasema diski ndiyo mbovu. Wote wawili wamekosea. Mnunuzi kauziwa diski ya kompyuta ya mezani kwa kazi isiyokuwa yake, na tofauti yenyewe haikuandikwa popote kwenye boksi.

Kasi ya mzunguko na ukubwa wa kashe naviacha, maana hivyo ndivyo kila duka linavyovitangaza. Swali langu la kwanza ni moja: diski ikikuta sekta, yaani kipande kidogo cha data, isiyosomeka, inahangaika nayo kwa muda gani kabla ya kukubali kwamba imeshindwa?

Diski ya nyumbani huwa peke yake, haina mwenzake wa kuiokoa, kwa hiyo imetengenezwa kung'ang'ania. Inaweza kuirudia sekta moja kwa dakika mbili na zaidi. Kwenye RAID hilo ni balaa. Kerneli, yaani kiini cha Linux, husubiri sekunde 30 tu, kisha huiona diski imekufa na kuipiga riseti. Programu ya md, inayosimamia RAID, huichukua data ile ile kutoka diski nyingine na kujaribu kuiandika upya pale paliposhindikana. Diski bado imezama kwenye sekta yake, haijibu. Kuandika kunashindikana, na md ikishindwa kuandika huitoa diski nzima. Sekta moja ya baiti 4096 imekuondolea TB 4.

Diski iliyotengenezwa kwa RAID hukata shauri baada ya sekunde 7 hivi. Hurudisha jibu kwamba sekta haisomeki, md huandika upya data sahihi, diski huihamishia kwenye sekta ya akiba, na kazi inaendelea bila mtu kujua. Uwezo huu huitwa ERC (Error Recovery Control). Western Digital huuita TLER. Ukishaweka smartmontools, programu ya kusoma hali ya diski, uliza hivi (sda ni jina la diski, weka la kwako):

sudo smartctl -l scterc /dev/sda

Ukiona Read 70 na Write 70, ni sekunde 7, maana namba hizo ni sehemu za kumi za sekunde, na hiyo ndiyo unayoitaka. Ikisema Disabled, jaribu kuiwasha:

sudo smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda

Ikisema not supported, diski haina kabisa, na umebakiwa na njia moja tu, kuiambia kerneli ivumilie:

echo 180 | sudo tee /sys/block/sda/device/timeout

Sasa hapa ndipo visiwani kwetu Zanzibar tunapoumia kuliko wengine. Diski nyingi za nyumbani zinazokubali kuwashwa ERC huisahau zikizimika, na ile sekunde 180 nayo hurudi 30 mashine ikiwaka upya. Hatuko tena kwenye ile miezi mitatu ya giza, bila umeme, ya Disemba 2009 hadi Machi 2010, lakini umeme ukikatika hata kwa dakika tano na UPS ikaisha, ulinzi wako umekwenda nao. Kwa hiyo amri hizi lazima ziwekwe kwenye skripti inayojiendesha kila mashine inapowaka, kwa kila diski. Mafundi wengi huziandika mara moja siku ya kufunga seva, wakalipwa, wakaondoka.

Sasa uchaguzi wenyewe. Nasema wazi kwamba mimi ni mtu wa Seagate IronWolf, na kwa seva ya diski mbili hadi sita sioni sababu ya kuanza kwingine. ERC inakuja imeshawashwa, dhamana ni miaka 3, na safu nzima ni CMR, yaani mistari ya data haikupandana. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: Seagate huweka ndani ya diski kumbukumbu iitwayo FARM, na ukiwa na smartctl toleo la 7.4 au jipya zaidi unaweza kuiuliza diski yenyewe imeshafanya kazi saa ngapi. Nitairudia hiyo nikifika kwa wauzaji.

Ya pili ni Toshiba N300. Ni CMR nayo, ERC ipo, dhamana miaka 3. Inazunguka mara 7200 kwa dakika, ina joto na kelele, kwa hiyo usiiweke kwenye kabati la mbao lililofungwa chumba cha nyuma, khasa kaskazi ikivuma. Elekeza feni kwenye diski zenyewe na ulenge kubaki chini ya nyuzi 45.

Ya tatu ni WD Red Plus, tulivu na isiyochemka sana. Angalia hilo neno Plus. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba Western Digital walikuwa wameweka SMR kwenye WD Red za TB 2 hadi 6 bila kuwaambia wanunuzi, na hizo bado zimo madukani. SMR ni kama paa la makuti: kila mstari umelalia mwenzake, ukitaka kubadilisha kuti la chini lazima uyainue ya juu yake. Kunakili picha huwezi kugundua. Kujenga upya RAID, ambako diski huandikwa mfululizo mwanzo hadi mwisho, kazi ya saa inageuka ya siku, na diski inaweza kutolewa kabla haijamaliza. Namba za kukataa ni WD20EFAX, WD30EFAX, WD40EFAX na WD60EFAX.

Diski za seva, yaani Seagate Exos, WD Ultrastar na Toshiba MG, nawashauri wanaohitaji TB 12 kwenda juu. Dhamana ni miaka 5, na kosa la kusoma limeahidiwa lisizidi moja kwa biti 10^15, wakati nyingi za nyumbani ni 10^14. Hesabu ya 10^14 ni TB 12.5. RAID 5 ya diski nne za TB 4 husoma TB 12 ikijijenga upya. Hiyo ni ahadi ya juu kabisa na si wastani, lakini ndiyo sababu kwa diski kubwa mimi hukataa RAID 5 na kutaka RAID 6, inayovumilia diski mbili kufa. Diski hizi kubwa zina heliamu na zimezibwa kabisa, kwa hiyo hewa yetu ya chumvi haiingii ndani, ingawa bodi ya chini bado inaweza kupata kutu ya kijani. Zina mitego miwili. Zile za SAS, kiunganishi cha seva, haziingii kwenye soketi ya SATA ya kompyuta za kawaida, na bei yake nafuu inawaponza wengi. Na baadhi ya za SATA haziwaki kabisa kwenye pawa saplai ya zamani, kwa sababu pini ya tatu ya umeme inapokea volti 3.3 na diski inaelewa kwamba imeamriwa izime. Ukanda mdogo wa Kapton, utepe usiopitisha umeme, juu ya pini tatu za mwanzo unatibu. Watu wamezirudisha dukani nzima kwa ajili ya hilo.

WD Purple na SkyHawk ni za kamera, zibaki kwenye kamera. Barracuda na WD Blue msinunue kwa RAID. Barracuda za ST2000DM008, ST4000DM004 na ST8000DM004 zote ni SMR.

Nije kwa wauzaji, maana hapa roho inaniuma. Unauliza namba ya modeli, unajibiwa "ni ya TB 4, orijino". Boksi hairuhusiwi kufunguliwa mpaka ulipe, na ukishaifungua hairudi. Dhamana ya kiwanda ya miaka 3 inageuka wiki moja kaunta, au unaambiwa uipeleke mwenyewe Dar. Mbaya zaidi ni diski iliyotumika kuuzwa mpya. Mwanzoni mwa 2025 Ujerumani iligundulika kwamba Exos zilizokwishatumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya, saa zake za SMART, rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea, zikiwa zimefutwa. FARM ndiyo iliyozifichua. Kama ilitokea huko, msiniambie haiwezi kufika Darajani.

sudo smartctl -a /dev/sda
sudo smartctl -l farm /dev/sda

Linganisha Power_On_Hours ya amri ya kwanza na saa za FARM za amri ya pili. Zikipishana kwa maelfu, diski imechakachuliwa. Ingiza pia namba ya mfululizo ya diski (serial number) kwenye ukurasa wa dhamana wa kampuni. Nenda dukani na laptopu na kebo ya USB ya SATA yenye umeme wake, na sema kabla ya kulipa kwamba utapima palepale. Muuzaji akikataa, toka.

Diski nne zisitoke katoni moja, changanya maduka. Ukiagiza kutoka Dar, diski ibebwe mkononi na mtu anayepanda boti, isitupwe kwenye mizigo chini ya magunia, na kwa Pemba hivyo hivyo mpaka Mkoani au Wete. Ikitoka chumba cha kiyoyozi, iache kwenye mfuko wake saa kadhaa kabla ya kuiwasha, isije ikatoa jasho juu ya bodi. Kisha, kabla ya kuweka hata faili moja:

sudo badblocks -b 4096 -wsv /dev/sda

Amri hii inapima diski nzima kwa kuiandika na kuisoma. Inafuta kila kitu, na TB 8 huchukua siku tano hivi. Panga siku hizo ziishe ndani ya muda ambao duka limekubali kurudishiwa, na tarehe hiyo iandikwe kwenye risiti.