Tahadhari: Muuzaji wa Vifurushi vya "Haki Zote" Ndani ya Second Life

Ninawatahadharisha wabunifu wenzangu na wanunuzi wa Second Life, ulimwengu wa kidijitali wa mtandaoni ambamo watu hubuni vitu na kuuziana, juu ya muuzaji anayeuza vifurushi vya mavazi na samani vyenye ruhusa zote, yaani ya kunakili, ya kurekebisha na ya kumpa au kumuuzia mtu mwingine, ilhali kazi hizo si zake. Simtaji kwa jina la akaunti yake, kwa kuwa amekwisha kuibadilisha mara moja na jina la leo halitamsaidia mtu kesho. Muhimu ni kuzijua mbinu zake.

Mimi nilimjua kwa korosho. Nilipochora kanga ninayouza humo, pambo moja la korosho kwenye pindo, pembe ya chini kushoto, nililigeuza kichwa chini kwa makosa, na nilipokuja kuliona wateja walikuwa wamekwisha kuivaa, nikaliacha. Mwezi uliopita rafiki yangu alinionyesha kifurushi cha kanga kumi kinachouzwa dola 99 za Linden, fedha za humo ndani ambazo hazifiki hata nusu ya dola moja ya Marekani. Katika kanga ya tatu nikaikuta korosho yangu pembeni palepale, kichwa chini vilevile, na penye nafasi ya mbunifu pameandikwa jina la mtu nisiyemjua. Dukani kwangu kanga hiyo moja ni dola 350 za Linden, na hainakiliki wala haihamishiki.

Wengi huniuliza kitu kilichofungiwa ruhusa kinaibwaje. Ruhusa husimamiwa na seva za Linden Lab, kampuni yenye Second Life, lakini ili mgeni aione kanga yangu, picha yake na umbo lake lazima vifike kwenye kompyuta ya mgeni huyo, na kikishafika huko kinaweza kunaswa na programu iliyochezewa, kisha kikapakiwa upya kama kitu kipya kabisa. Msimbo unaofungua mlango au kuendesha gari hauibwi kwa njia hii, kwa sababu hufanya kazi kwenye seva na hautumwi kwenye kompyuta ya mgeni. Ndiyo maana gari lililonunuliwa kwa mwizi wa aina hii mara nyingi huwa ganda tupu lisilotembea.

Mtego wa pili ulinijia nilipoanza kulalamika. Nilifuatwa na mtu, ambaye nashuku ni yuleyule, akitaka kuniuzia kifaa cha kuweka dukani eti kinazuia wizi. Tafadhali msikinunue. Novemba 2006, programu ya kunakili vitu vya wengine iitwayo CopyBot ilipoanza kusambaa na wenye maduka wengi wakafunga milango kwa kupinga, vifaa vya namna hiyo viliuzwa pia, na baadhi yake vilichofanya ni kumwaga tu maneno ya amri kwenye gumzo. Kifaa kilicho ndani ya ulimwengu ule hakina uwezo wa kuizuia kompyuta ya mgeni isihifadhi kile ambacho imekwisha kukipokea.

Kinachosaidia ni ushahidi. Tunzeni mafaili asilia yenye tabaka zote za mchoro pamoja na tarehe zake, kisha pelekeni kwa Linden Lab notisi ya kuondoa kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya Marekani ya mwaka 1998. Notisi hiyo hudai saini na anwani ya kupatikana, na baadhi ya maelezo yake hutolewa chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwa hiyo asiipeleke mtu asiye na hakika. Mtuhumiwa naye anaweza kujibu, na akijibu, kazi hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi iwapo mlalamikaji hajafungua kesi. Nilipeleka yangu, kifurushi kikaondolewa, na sasa kimerudi kwa akaunti nyingine na picha mpya ya jalada.

Kwa wanunuzi: jihadharini na akaunti ya siku chache inayouza kazi zinazoonekana za wabunifu kumi tofauti kwa bei ya kutupa, hasa mwenyewe anapokwepa akiombwa faili asilia. Mbunifu anayezitumia kazi hizo katika bidhaa zake naye anaweza kuondolewa bidhaa hizo dukani.

Mkikutana na kifurushi cha kanga kumi, tazameni pindo la ile ya tatu, pembe ya chini kushoto. Aliyekwisha kukinunua asikiuze tena. Ahifadhi kumbukumbu ya malipo na aniletee ujumbe humo humo ndani, kwani ninahitaji tarehe na jina la akaunti kwa ajili ya notisi ya pili ninayoiandaa.