Kijitabu cha hesabu za mafumbo kutoka Langoni: maswali mazuri, uhakiki wenye kasoro

Kijitabu hiki cha kurasa 48 nilikinunua kwa shilingi 180 katika duka la vifaa vya shule lililoko Langoni, mjini Lamu, kwa ajili ya mwanangu wa Gredi ya 4, ambaye hujumlisha na kuzidisha bila taabu lakini hesabu ikija kwa maneno huanza kubahatisha tendo. Tumekitumia jioni, baada ya chuo cha Kurani, kwa muda wa majuma matatu.

Maswali yenyewe yametungwa na mtu anayeijua Lamu. Mtoto hakutani na treni wala matofaa, bali mchanga anaobebeshwa punda, abiria wa boti za Mokowe, ng'ambo ya bara, na korja za boriti za mikoko. Alipoulizwa korja 7 ni boriti ngapi, mwanangu alikwama mpaka babu yake alipomwambia kwamba korja moja ni boriti 20, na tangu hapo hakuhitaji kuelezwa kwamba panazidishwa, akaandika 140.

Taabu inaanzia kwenye jedwali la ukurasa wa 5, linalomfundisha mtoto kuchagua tendo kwa kuvizia neno: akiona “jumla” au “zaidi” ajumlishe, akiona “amebaki” atoe, akiona “kila” azidishe. Kurasa chache mbele anaulizwa hivi: Mwanahawa amepata samaki 20, ambao ni 8 zaidi ya samaki wa Omari, je, Omari amepata wangapi? Mwanangu aliliona “zaidi”, akajumlisha, akapata 28. Kijitabu kinaagiza kila jibu lihakikiwe kwa tendo la kinyume, naye akatii: 28 kutoa 8 ni 20. “Mama, imekubali,” akaniambia, akajiwekea alama ya vema.

Ilikubali kweli, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa tendo la kinyume huthibitisha tu kwamba kujumlisha kumefanywa bila kosa, wala halisemi lolote kuhusu iwapo palistahili kujumlishwa. Jibu lilipaswa kurudishwa ndani ya kisa. Nilimuuliza: ikiwa Omari ana samaki 28 na Mwanahawa ana 20, ni nani mwenye zaidi? Alicheka, akafuta, akaandika 12. Swali la namna hiyo halimo popote katika kijitabu, ilhali lingefaa kuchapishwa juu ya kila ukurasa.

Sehemu ya majibu nayo ina tarakimu tupu, bila kuonyesha tendo lililotumika, na mahali pamoja imenishangaza. Abiria 50 wanavuka, kila boti inachukua 12, boti ngapi zinahitajika? Jibu lililochapwa ni “4, baki 2”. Kugawanya ndiko kulikotakiwa, na hesabu haina kosa, lakini yeyote aliyewahi kusimama gatini asubuhi anajua kwamba wale wawili nao wana safari; boti ni 5.

Karatasi ni nyepesi na hutoboka kwa kifutio, jambo ambalo kwa bei hii silihesabu sana. Kijitabu cha Gredi ya 5 nitakinunua kwa ajili ya maswali yake. Katika hiki cha sasa, jedwali la ukurasa wa 5 nimeligandishia karatasi nyeupe juu yake.