Ofisi ya uhasibu iliyo hodari kwa makato ya mishahara, lakini nzito kueleza mambo isipoulizwa

Tangu mwaka 2023 hesabu ya mshahara nchini Kenya imebadilishwa mara nyingi kiasi kwamba mwenye biashara ndogo akiizoea leo, kesho huambiwa imepitwa na wakati. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niikabidhi karakana yangu ya useremala kwa ofisi ya uhasibu hapa Nakuru. Ni ofisi ya watu wawili, iliyo juu ya duka la vipuri, na hutoza shilingi 6,000 kwa mwezi kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wasiozidi watano. Kwa ada hiyo huandaa hati za mshahara, huwasilisha ritani za kodi katika iTax (mtandao wa mamlaka ya mapato, KRA), hushughulikia michango ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya ya umma), na husimamia ankara za eTIMS, yaani za kielektroniki zinazofika KRA. Jina lake silitaji, kwa kuwa nitakayoyasema, mema na mabaya, yanazihusu ofisi nyingi za aina hiyo.

Nianze na mishahara, kwa sababu hapo ndipo ninapoiona faida ya ada ninayolipa. Mfanyakazi wa shilingi 30,000 hukatwa 1,800 za NSSF, 825 za SHIF, mfuko wa afya ulio chini ya SHA, ambazo ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, na 450 za ushuru wa nyumba ambazo ni asilimia 1.5. Hadi Desemba 2024, makato haya mawili ya mwisho hayakupunguza mapato yanayotozwa kodi. Kwa ushuru wa nyumba, mfanyakazi alirudishiwa tu afueni, yaani punguzo la kodi, ya asilimia 15 ya alichochangia. Marekebisho yaliyoanza tarehe 27 ya mwezi huo yaliifuta afueni hiyo na kuruhusu michango yote miwili itolewe kwanza, kabla ya kodi kukokotolewa. Kwa hiyo mapato yanayotozwa kodi ya mtu huyu yakawa 26,925 badala ya 28,200, na PAYE yake, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, baada ya afueni ya kibinafsi ya 2,400, ikawa 731.25. Mwajiri ambaye bado anatumia jedwali lake la zamani humkata 982.50. Tofauti ya shilingi 251.25 kila mwezi si ndogo kwa mtu wa mshahara huo, naye hana njia ya kuigundua ikiwa hati yake inaonyesha jumla peke yake.

Hati za ofisi hii huonyesha kila hatua: mshahara, kila mchango na kiwango chake, mapato yaliyobaki kutozwa kodi, kodi kabla ya afueni na kodi baada yake. Mafundi wangu, ambao zamani waliamini kwamba mimi ndiye ninayewapunja, sasa wanazisoma hati hizo na kubishana na mhasibu moja kwa moja, jambo ambalo kwangu ni nafuu kubwa.

Ofisi hii pia huarifu mapema. Februari 2025 kikomo cha juu cha mshahara unaohesabiwa katika NSSF kilipanda kutoka 36,000 hadi 72,000, na kwa hiyo msimamizi anayelipwa 60,000, ambaye mchango wake ulikuwa umeishia 2,160, alianza kukatwa 3,600. Mwajiri huchangia kiasi hicho hicho, na kwa hiyo karakana nayo iliongeza 1,440 kwa mtu mmoja. Barua ya ofisi ilinifikia kabla ya mwezi huo kuanza, nikapata nafasi ya kuzungumza na mhusika kabla hajaiona hati iliyopungua. Vivyo hivyo, Sheria ya Fedha ya 2025 ilipowataka waajiri, kuanzia Julai, wampe mfanyakazi afueni zote anazostahili wakati wa kukokotoa PAYE badala ya kumwacha akadai marejesho baadaye, ofisi iliwatuma wafanyakazi wangu kutafuta vyeti vyao vya bima ya maisha na ya elimu bila mimi kusema neno.

Mfanyakazi wa nyumbani wanamhudumia pia, bila ada ya ziada, na watu wengi husahau kwamba anayelipwa 18,000 hafikii kiwango cha kutozwa PAYE lakini michango mingine mitatu (NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba) ni lazima mwajiri wake amkate.

Upungufu upo katika kodi ya mauzo, ile TOT. Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kutoka asilimia 1 hadi 3 kwa biashara zenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na hutozwa juu ya mauzo yote, gharama zisihesabiwe. Ofisi humwandikisha kila mteja wa kiwango hicho katika TOT kana kwamba hakuna njia nyingine. Chukua duka la vyakula vya mifugo linalouza 400,000 kwa mwezi na kumwachia mwenyewe 32,000 baada ya gharama. Kwa TOT atalipa 12,000. Kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi, baada ya afueni, kodi yake ingekuwa takriban 2,000. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa kodi kwamba hataki kuwa katika TOT, lakini mimi sikuelezwa hivyo mpaka nilipouliza.

Ni kweli kwamba njia hiyo ina masharti. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato, nami hununua sehemu ya mbao kwa wakulima ambao hawajawahi kutoa ankara ya namna yoyote. Tangu mwisho wa 2024, hata hivyo, mnunuzi anaweza kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Hilo nalo nililisikia kwa mteja mwenzangu tuliyekuwa tumeketi naye tukisubiri zamu, si kwa mhasibu ninayemlipa.

Jambo la mwisho ni tarehe. PAYE inapaswa kuwasilishwa ifikapo tarehe 9, na faini ya kuchelewa ni asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, kubwa kati ya hizo. Ofisi hunitumia namba za malipo tarehe 7, jioni. Bado hatujachelewa, lakini mwezi ambao mtandao utakwama, siku mbili hazitatosha.

Kwa mwenye wafanyakazi watatu au zaidi, hasa wenye mishahara inayotofautiana, huduma hii naipendekeza. Mwenye duka asiyeajiri mtu anaweza kulipa TOT yake mwenyewe kwa simu kila mwezi kabla ya tarehe 20, na sioni atakachopata kwa shilingi 6,000. Mimi nimeongeza mkataba kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba namba za malipo zifike tarehe 4 na kwamba kila Desemba tuilinganishe TOT na kodi ya kawaida kwa takwimu zangu halisi, kwa maandishi.