Hansard za Zamani Ndani ya Google Books: Zamfaa Anayeitafuta KADU?

Barazani Mombasa, msimu wa siasa ukiwadia, hakukosi mtu wa kusema kwamba Ronald Ngala alitaka Pwani ijitenge. Mwengine humjibu kwamba majimbo ya KADU, chama alichokiongoza Ngala, ndiyo hizi kaunti tulizo nazo leo. Wote wawili wamekosea, na pa kuhakikisha papo, tena bure: Kumbukumbu Rasmi za Bunge, yaani Hansard, zilizopigwa skani na kuwekwa Google Books pamoja na Gazeti Rasmi la Kenya. Hulipi, na majalada mengi yanafunguka kurasa zote. Kwa utajiri wa kilichomo, nyota tano. Kwa namna ya kukitafuta, nyota mbili, na hizo ni kwa huruma.

Kipindi unachokitafuta ni kifupi. KADU iliundwa Ngong mwezi wa Juni 1960, muda mfupi baada ya KANU, mpinzani wake mkubwa, kwa kuunganisha vyama vya jamii zilizohofia kumezwa na zile kubwa: cha Wakalenjin, cha Wamaasai, cha Masinde Muliro, na cha Pwani cha Ngala, ambaye alikuwa amepata kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton. Ngala akawa rais wa chama, Daniel arap Moi mwenyekiti. Uchaguzi wa Februari 1961 uliipa KANU viti 19 na KADU 11, lakini KANU ikakataa kuunda serikali maadamu Kenyatta yuko kizuizini, KADU ikashika nafasi hiyo ikisaidiwa na kundi la mlowezi Michael Blundell. Chama kilivunjwa tarehe 10 Novemba 1964. Basi weka utafutaji wako kati ya 1960 na mwisho wa 1966. Hiyo miaka miwili ya ziada ina sababu yake, tutaifikia.

Usianzie kwenye kisanduku cha kawaida cha Google. Fungua books.google.com, nenda kwenye utafutaji wa kina, uandike jina la mfululizo ndani ya alama za kunukuu: "Kenya National Assembly Official Record". Chagua vitabu vinavyoonekana kikamilifu tu, kisha weka miaka. Jalada likifunguka, tumia kisanduku cha kutafuta ndani ya jalada lenyewe. Na maneno yawe ya Kiingereza. Kiswahili kilianza kutumika kwenye mijadala ya Bunge mwaka 1974, kwa hiyo Ngala hutamsikia akisema Kiswahili humo hata mara moja. Ukiandika "majimbo" utapata kiasi. Ukiandika "regionalism", "regional assembly" au "entrenched" (vifungu vilivyolindwa) utapata nyama yenyewe. Watu nao wajaribu kwa sura zaidi ya moja: "Mr. Ngala", "arap Moi", "Moi" peke yake.

Tatizo kubwa ni kwamba kompyuta ndiyo iliyoyasoma maandishi hayo, na chapa ya miaka ile imefifia. KADU na KANU zinatofautiana kwa herufi moja, na herufi hiyo ikififia, mashine hukisia. Hivyo usiamini hesabu ya matokeo, wala usihitimishe kwamba jambo halikusemwa kwa sababu tu utafutaji umerudi mtupu. Tarehe nazo ni mtego. Google huweza kulipa jalada zima la miezi kadhaa mwaka mmoja tu, na pengine mwaka huo si sahihi. Tarehe ya kweli iko juu ya ukurasa wenyewe. Ukinukuu, taja tarehe hiyo na namba ya safu, kwa sababu kila ukurasa wa Hansard za wakati ule una safu mbili na kila safu ina namba yake. Namba ya ukurasa anayokupa Google haimsaidii mtu mwengine kuipata nukuu yako.

Tena angalia ni nyumba gani ya Bunge. Kabla ya Juni 1963 lilikuwa Baraza la Kutunga Sheria. Baada ya hapo kuna Baraza la Wawakilishi na Seneti, kila moja na majalada yake, na watu wengi husoma la kwanza wakasahau la pili. Hilo ni kosa la gharama kwa anayeisoma KADU, maana Seneti ndiyo iliyokuwa ngao yake.

Kabla ya kuingia kwenye mijadala, soma katiba ya uhuru yenyewe, ile iliyotangazwa kama Tangazo la Kisheria namba 718 la 1963. Humo ndimo utakapouona uhafidhina wa KADU waziwazi kuliko kwenye hotuba yoyote. Chama hiki hakikuwa na imani na serikali yenye mikono mirefu. Dawa yake haikuwa kuchagua watu wema, ilikuwa kuifunga serikali mikono kwa maandishi. Majimbo saba, kila moja na bunge lake. Polisi wenye vikosi vya majimbo. Ardhi ya jamii isiamuliwe kutoka Nairobi. Juu ya hayo, Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Kubadilisha vifungu vilivyolindwa kuliko vyote, vikiwemo vya majimbo na vya Seneti, kulihitaji robo tatu ya Wawakilishi na asilimia 90 ya Maseneta. Linganisha na Katiba ya 2010: kaunti 47, mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini polisi ni wa serikali kuu. Anayesema ni kitu kimoja hajakisoma hata kimoja.

Kuhusu kujitenga, jibu ni fupi. Ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukitawaliwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895. Waliotaka Mwambao, yaani ukanda huo, uwe na mamlaka yake walikuwa na vyama vyao, na Ngala alikuwa akipingana nao. Yeye alitaka Pwani iwe jimbo ndani ya Kenya, na hatimaye akawa rais wa bunge la jimbo hilo. Suala la ukanda lilimalizwa kwa makubaliano ya tarehe 8 Oktoba 1963, na hapo ndipo mahakama za Kadhi zilipopata hakikisho lake.

Sehemu inayofaa kusomwa polepole ni ya ardhi. KADU ilisimama na wenyeji dhidi ya Nairobi, hilo kweli. Lakini katiba iliyoipigania ililinda pia mali ya mtu binafsi, na Pwani hati nyingi zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Maana yake, skwota aliyekaa juu ya shamba lenye hati hakupata chochote kwa majimbo kuja. Mbunge anaposema "ardhi ya watu wetu", jiulize ni ipi: ile ya jamii, au ile ambayo tayari ina mwenyewe kwenye karatasi? Mara nyingi msemaji hasemi, na nadhani hakupenda kuulizwa.

Sasa ile miaka miwili ya ziada. Fungua tarehe 10 Novemba 1964, Ngala anapotangaza kwamba KADU inajiunga na serikali ya KANU. Kufuli ya asilimia 90 ilifunguliwa na wenye ufunguo wenyewe. Sheria namba 28 ya 1964 ilileta jamhuri na kuyanyang'anya majimbo sehemu kubwa ya nguvu zake, namba 14 ya 1965 ikashusha kiwango cha kubadilisha katiba hadi asilimia 65, na namba 40 ya 1966 ikaiondoa Seneti. Soma mijadala ya hizo tatu kwa mfuatano, ukiangalia waliokuwa KADU wanasema nini. Na Moi, mwenyekiti wa chama kilichoogopa mamlaka kukusanyika mahali pamoja, ndiye aliyekuwa rais mwaka 1982 Kenya ilipofanywa nchi ya chama kimoja kisheria. Hansard haina maoni juu ya jambo hilo; inakuwekea maneno mbele tu.

Kuna mapengo. Mfululizo haujakamilika, na jalada unalolitaka linaweza kukosekana. Likikosekana, jaribu Gazeti Rasmi, ambalo pia liko kwenye tovuti ya Kenya Law, kwa tarehe za miswada na matokeo ya uchaguzi. Kwa upande wa London, Hansard ya Bunge la Uingereza iko wazi mtandaoni na utafutaji wake ni safi zaidi, ila inakupa Kenya kama ilivyoonekana kutoka kule. Kumbukumbu za mabunge ya majimbo yenyewe, likiwemo la Pwani lililokuwa hapa Mombasa, hazimo kabisa ndani ya Hansard ya taifa. Kwa hizo panda treni Miritini, uende ukaulize Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi.

Mwisho, suala la bando. Jalada zima likishushwa kama PDF ni zito, na simu ya kawaida huganda. Soma ndani ya kivinjari, piga picha ya skrini ya safu unayoihitaji pamoja na kichwa cha ukurasa chenye tarehe, na ukishusha jalada zima shusha kwenye kompyuta ya saiba yenye faiba, uliweke kwenye flashi.