Doulos SIL na Charis SIL: uzoefu wangu wa kuchapa alama za kifonetiki

Riziki yangu inatokana na kuchapa na kupanga tasnifu za wanafunzi wa isimu. Kazi ikiwa ya fasihi, Times New Roman inatosha. Ikija ya fonolojia, yaani mfumo wa sauti za lugha, hasa ya lugha kama Kiiraqw cha Mbulu au Kisandawe cha Dodoma, na kompyuta yenyewe ni ya zamani, viboksi vitupu vinajaa ukurasa. Mwandishi ameandika alama za sauti kama ɬ na ʕ, wewe unaona masanduku. Herufi hazijapotea, zimo ndani ya faili. Ni fonti tu haina maumbo ya kuzichora.

Fonti nilizotulia nazo ni Doulos SIL na Charis SIL. Zote zimetengenezwa na shirika la SIL la Marekani, ambalo kazi yake kubwa ni lugha zisizo na maandishi mengi. Ni za bure kabisa na leseni yake, OFL, inaruhusu kuzitumia kwenye kitabu cha kuuza au kumgawia mwenzako kwenye flashi bila kuvunja sheria. Kwa mazingira yetu ya programu za kuazimana, hilo si jambo dogo.

Kuziweka ni rahisi. Unapakua zipu kwenye tovuti ya SIL, unaifungua kwanza (usijaribu kuziweka zikiwa bado ndani ya zipu), unabofya faili ya fonti kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha unachagua Install. Kama mnatumia kompyuta moja watu kadhaa, chagua ile ya watumiaji wote. Word ikiwa wazi, ifunge na uifungue upya, la sivyo utatafuta jina la fonti kwenye orodha usilione.

Faida niliiona zaidi kwenye Kisandawe. Lugha hiyo ina vidoko, yaani sauti za kudokoa kwa ulimi, na alama zake ni ǀ, ǁ na ǃ. Watu wengi wanaweka alama ya kawaida ya mshangao wakidhani ni ileile. Kwa macho zinafanana, kwa kompyuta ni vitu viwili. Ukiweka alama ya mshangao, Word inadhani sentensi imekwisha, na neno linalofuata baada ya nafasi linapewa herufi kubwa lenyewe. Ukiweka ǃ halisi, yenye namba 01C3 kwenye Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake), neno linabaki zima, hata ukilibofya mara mbili linachaguliwa lote. Fonti hizi mbili zina alama hizo zote na zinazichora vizuri.

Pili, alama za juu. Irabu ya ɔ yenye unazali (sauti ya kupitia puani) na toni ya juu inahitaji vitu viwili kichwani, kimoja juu ya kingine. Fonti nyingi zinavirundika mahali pamoja mpaka msomaji hajui kama ni toni au doa la wino. Doulos inavipanga ghorofa kwa ghorofa. Zile alama za toni zenye mlingoti nazo, ukiandika ˥ na ˩ kwa kufuatana, zinaungana na kuwa mstari mmoja unaoshuka.

Sasa lawama. Kwa kuwa zimeacha nafasi ya kubebesha alama hizo, mistari yake ina mapengo makubwa. Chuo kinataka Times New Roman saizi 12, wewe unaingiza neno moja la Doulos katikati ya aya, na mstari ule peke yake unaachana na wenzake. Dawa ni kuipa aya nzima kipimo maalumu cha nafasi ya mistari, lakini usibane sana, maana alama za juu zitakatwa vichwa. Halafu Doulos ina mtindo mmoja tu: ukitaka koza (bold) au italiki, Word inabuni ya kwake na haipendezi. Charis inazo zote, ila ni pana kuliko Times na ukiichanganya nayo inaonekana. Mimi natumia Doulos kwenye tasnifu na Charis kwenye vitabu. Unukuzi wa kifonetiki nauacha wima hata hivyo, kwa sababu katika italiki a na ɑ zinakuwa pacha.

Usitegemee fonti ikuandikie. Yenyewe inaonyesha tu. Kwa kuandika natumia Keyman, programu ya kibodi, nayo ya bure, pamoja na kibodi yake ya IPA, yaani alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa: n ikifuatwa na > inakupa ŋ, s na = inakupa ʃ. Kwa alama moja moja, andika 014B ndani ya Word kisha bonyeza Alt na X, ŋ inatokea.

Balaa kubwa liko kwenye kuchapisha. Kuna steshenari mmoja alifungua faili ya mteja wangu kwenye kompyuta yake isiyo na fonti hizi, akachapa kurasa zote, akapeleka kujalidiwa. Toni zilikuwa zimekaa pembeni ya irabu badala ya juu. Tangu hapo sitoi faili ya Word nje ya mlango wangu. Natoa PDF, ambayo inabeba fonti ndani yake, na msimamizi akidai Word, naingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi na kuamuru fonti zipachikwe kwenye faili.

Kama unachohitaji ni ŋ na ʃ tu, na Windows yako si ya kale, huna haja ya kupakua chochote, maana Times New Roman ya siku hizi inazo. Ila ukiletewa tasnifu ya miaka ya tisini, kaa chonjo. Baadhi ya fonti za wakati ule zilificha ʃ kwenye kiti cha S, kwa hiyo ukibadili fonti, “ʃauri” linageuka “Sauri”. Doulos haiwezi kukuokoa hapo. Itabidi umwambie Word atafute maandishi ya fonti ile ya zamani peke yake, ubadilishe herufi moja baada ya nyingine, na bei umweleze mteja kabla hujaanza.