Kisiwa cha Saanane kwa mkutano wa klabu ya wahitimu

Kwa klabu za waliosoma vyuo vya Uingereza zinazotaka siku ya kujifunza na kupiga soga, Saanane, hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria, inashinda ukumbi wowote wa hoteli Mwanza. Boti huondokea Capri Point, mwendo wa dakika chache. Hifadhi ina kilomita za mraba 2.18 tu, hata wazee wa kundi huizunguka, ila mawe huteleza mvua ikinyesha. Ndala waziache nyumbani. Pimbi huota jua hatua chache kutoka njiani. Tumbili nao wana mikono myepesi, basi chakula kifunikwe.

Kinachokwamisha makundi ni malipo. Hulipwa kwa kontro namba (namba ya malipo ya serikali), si noti mkononi, na viingilio vya raia na wageni havilingani. Mhazini akusanye vitambulisho mapema, la sivyo foleni itakula nusu ya asubuhi.

Vukeni mapema, mchana upepo huchafua ziwa na wasiozoea hutapika. Mkiunganishwa na mhadhiri aliyeko London, kumbukeni Mwanza iko mbele kwa saa 3 majira yao ya baridi, saa 2 ya kiangazi. Mkikosea, atawakuta mmeshamaliza sato.