Masomo ya filozofia ya jioni, Nyawera

Kama uko Bukavu na unapenda kufikiri, enda kwa ile masomo ya filozofia ya jioni kule Nyawera, mimi nimeipenda sana juu mwalimu haruki mambo: anaanza na Freud, yule daktari wa mambo ya akili, kwamba ndani ya mtu kuna kama mlinzi mwenye kusukuma wazo lenye kumuumiza mpaka linajificha mahali mtu mwenyewe hapajui, kisha analeta Sartre, mwanafilozofia Mfaransa, mwenye kuuliza katika kitabu chake cha 1943, sasa huyo mlinzi wa ndani anafukuzaje kitu bila kukijua kwanza? Mama mmoja muuza vitenge akasema, basi madeni ya bwana yangu niliyajua tangu zamani, sikutaka tu kuyatazama, na watu wakabishana kweli kweli. Viti vigumu, mwangaza kidogo. Ila Freud wampe jioni yake nzima, walimpitisha mbio sana.